Usifute sauti ya kukhu kwenye simu kabla hujaisikiliza nakala

Hapana. Usifute chochote kwenye hiyo simu. Acha kwanza.

Umeandika kwamba kukhu wenu (yaani bibi, kwa Lubukusu, lugha ya Wabukusu) huko Bungoma anakaribia miaka 90, ulimi bado mwepesi, anatania hadi wakwe, na mnataka kumtungia kijitabu cha maisha yake mkikutana nyumbani Desemba. Tayari una rekodi mbili zake. Mpango wako ni kuongeza nyingine, kuzitupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia "ili kila mtu awe nazo", kumpa fundi wa studio azisafishe, kisha kufuta simu kwa sababu imejaa. Ukauliza pia kijitabu kiwe na kurasa ngapi, picha zipangwe vipi, na nani akisome siku hiyo. Mimi nimekwama hapo kwenye kufuta simu.

Mimi nilifuta. Rekodi 14 za kukhu wangu, karibu saa 9 za mazungumzo, ziliisha hivyo, na tulipogundua yeye mwenyewe alikuwa ameshatutoka. Zimebaki sekunde 11 alizokuwa nazo binamu yangu: kukhu anasema "mulembe", salamu yetu, anakohoa, anauliza kama hako kasimu kameshaanza kumeza maneno yake, kisha anacheka. Basi. Nakueleza zilivyopotea kwa sababu mpango wako unafuata njia ileile, hatua kwa hatua.

Zilipotelea kwenye flashi. Fundi alizihamishia kwenye flashi iliyoandikwa 64 GB, ya bei ya chee, ile inayouzwa kando ya steji pamoja na chaja na kava za simu. Nyingi za namna hiyo ni za uongo. Chipu ya ndani ni ya 8 GB au hata chini ya hapo, lakini imechezewa ijitangaze kwa kompyuta kuwa ni ya 64. Ukinakili kitu, kompyuta haioni kosa. Nafasi ya kweli ikiisha, flashi inaandika juu ya vilivyotangulia au inatupa data hewani, huku orodha ya majina ikiendelea kurefuka vizuri kabisa. Na hiyo flashi ilikuwa tayari imebeba video za harusi za watu, kwa hiyo nafasi ya kweli ilikuwa imeisha kabla sauti ya kukhu haijaingia. Ukiifungua unaona majina yote 14. Unaona na ukubwa wa kila faili. Unaridhika, unaitia mfukoni. Siku unapobonyeza uicheze ndipo unasikia kimya, au unaletewa ujumbe kwamba faili imeharibika.

Shika hapo: jina la faili na ukubwa wake havithibitishi kitu. Masikio yako ndiyo yanathibitisha. Nakala ambayo hujaisikiliza usiihesabu kabisa. Andika hilo kwenye karatasi, ulibandike juu ya meza utakayofanyia kazi.

Fundi yule aliniambia maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Futa tu kwa simu, hapa kwangu ziko salama." Salama wapi? Kompyuta yake hujaa kazi za watu, na kazi ikishalipiwa huifuta apate nafasi ya harusi ya Jumamosi inayofuata. Hilo alilijua, na hakulisema. Mtu anayeshika sauti ya mzee wa watu anatakiwa aseme waziwazi: nitakaa nazo siku ngapi, kisha nitazifuta tarehe gani. Asipokwambia, muulize, na jibu liandikwe kwenye risiti. Akikwepa, ondoka na simu yako.

Na hiyo "kusafisha" ni jambo la pili la kukutahadharisha. Mafundi wengi wa studio zetu wamezoea nyimbo za injili na matangazo ya matanga. Wanaweka kichujio kinachokata kila sauti iliyo chini ya kiwango fulani, ili kelele ya nyuma isisikike mtu anaponyamaza. Kwa mwimbaji aliye karibu na maiki hakuna ubaya. Kwa bibi wa miaka 90 ni balaa. Kukhu akifika mahali pa siri, anapomtaja marehemu au jirani, hushusha sauti hadi iwe kama mnong'ono, na hapo ndipo kichujio kinapokata. Kinakata miisho ya maneno, kinakata pumzi, kinakata mguno ule wa "mmh" ambao kwetu ni sentensi nzima. Kicheko nacho hupanda ghafla, programu ikakibana kikawa kama mtu aliyeziba mdomo kwa leso. Unapata sauti safi ya mtu usiyemfahamu. Kama ni lazima isafishwe, isafishwe nakala, ile ya asili isiguswe kamwe, na mwambie fundi apunguze tu ngurumo za chini na aache mengine.

Sasa WhatsApp. Kikundi cha familia si ghala. Kwanza, ukirekodi kwa kile kitufe cha maiki cha WhatsApp, sauti inabanwa sana ili iwe nyepesi kutuma. Inafaa salamu, haifai kuwekwa miaka 50. Pili, kama kuna mtu aliwasha ujumbe wa kutoweka kwenye kikundi, vitu vipya vinafutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kulingana na alichochagua, na wengi hawakumbuki nani aliwasha. Tatu, mjomba aliye Nakuru na shangazi aliye Kitale hawatapakua faili usiku huohuo. Bando ni haba, wataiacha. Baada ya muda seva haina tena, wakibonyeza wanaambiwa wamwombe aliyetuma atume upya. Na aliyetuma ni wewe, uliyefuta. Kama lazima upitishie huko, tuma kama dokumenti, usiitume kama sauti. Hapo faili inafika ilivyo, hadi 2 GB. Halafu omba watu wawili kwa majina waipakue, wakupigie, wakwambie neno la mwisho kukhu alilosema kwenye hiyo rekodi. Asiyeweza kukwambia hajaipata.

Simu imejaa? Piga hesabu kabla ya kuogopa. Sauti ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, yaani kama MB 60 kwa saa. Hata ukirekodi kwa WAV ya kawaida, sauti isiyobanwa, biti 16 na chaneli moja, ni kama MB 5 kwa dakika, MB 300 kwa saa. Saa 10 za kukhu kwa ubora huo ni GB 3. Kinachojaza simu yako ni video za "asubuhi njema" na mahubiri yaliyosambazwa mara elfu. Futa hizo. Kukhu akae.

Utaratibu wenyewe ni huu, na uufanye jioni ileile ya kurekodi, usilale kwanza. Rekodi ya asili inabaki kwenye simu. Nakala ya kwanza inaingia kwenye laptopu kwa waya. Ya pili inaingia kwenye flashi au memori kadi iliyopimwa. Ya tatu inapanda mtandaoni, mfano Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15. Kama nyumbani hakuna laptopu wala bando, nenda saiba na waya wako mwenyewe, na usitoke hapo bila kusikiliza. Chomoa flashi kwa njia ya kuitoa salama, ichomeke kwenye mashine nyingine, kisha cheza dakika ya kwanza, dakika moja ya katikati, na dakika ya mwisho ya kila faili. Ya mwisho hasa, kwa sababu faili iliyokatika katikati ya kunakiliwa huanza vizuri kama kawaida. Linganisha na urefu: kama kwenye simu ni dakika 32 na kwenye flashi ni dakika 19, unajua lililotokea. Na flashi isilale nyumba moja na simu. Moto, mwizi na mtoto mwenye kikombe cha chai havichagui.

Kupima flashi kabla ya kuitumia: kwenye kompyuta ya Windows iko programu ya bure inayoitwa H2testw. Inaijaza flashi yote kwa data ya majaribio kisha inaisoma upya na kukwambia GB ngapi ni za kweli. Flashi iwe tupu kwanza. Kwa ile ya 64 inaweza kuchukua saa kadhaa, iache ifanye kazi. Ikikuletea maandishi mekundu, irudishe dukani au itupe, usiseme "nitaitumia kwa nyimbo". Na ukirekodi video pia, kumbuka flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja ya kufika GB 4. Ifomati kwa exFAT kabla hujaweka kitu.

Na kama umeshafuta? Usipige picha, usipakue kitu, usisasishe programu. Angalia pipa la taka ndani ya programu ya faili na ndani ya programu ya kurekodi yenyewe, simu nyingi hushikilia kitu huko siku 30. Kama ilikuwa kwenye memori kadi, itoe mara moja. Programu ya kompyuta iitwayo PhotoRec inaweza kuokoa kilichofutwa ikiwa hakijaandikiwa juu. Kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu za sasa matumaini ni madogo sana, na yeyote anayekudai elfu kadhaa kwa ahadi ya kurudisha anakula huzuni yako.

Jambo lingine: usingoje Desemba. Desemba nyumbani kuna hema, spika, watoto 30, majirani, na mama zenu wakimkatiza kukhu kila sentensi, "si hivyo, ilikuwa mwaka ule mwingine". Atacheka na wageni, hatasimulia. Nenda wikendi hii, wewe na mtu mmoja anayemzoea. Asubuhi, saa tatu hadi saa tano, kwa sababu kwetu mvua hupenda kupiga alasiri, na mvua juu ya mabati inafunika kila kitu. Zima redio. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia, programu nyingi za kurekodi husimama na hazirudi zenyewe. Simu ilale juu ya leso iliyokunjwa, sentimita 20 au 30 kutoka mdomoni, isikae juu ya meza tupu, kwa sababu kila kikombe kinachowekwa mezani kitasikika kama mlango umebamizwa. Ukipata maiki ya kubana kwenye nguo, ibane chini kidogo ya kidevu, mbali na rozari na shanga. Kata rekodi kila dakika 25 au 30 na uanze nyingine. Programu ikikwama unapoteza kipande, hupotezi asubuhi nzima. Mwanzo wa kila kipande taja kwa sauti tarehe, mahali, na walioko hapo. Faili ziite kwa tarehe kwanza, mwaka-mwezi-siku, kisha neno moja la mada. "Rekodi mpya 7" haitamwambia mtu kitu miaka kumi ijayo.

Aongee Lubukusu. Usimlazimishe Kiswahili kwa ajili ya wajukuu wa mjini, watatafsiriwa. Utani wake wote uko kwenye Lubukusu, na ukimhamisha lugha anakuwa mpole kama aliye mbele ya chifu.

Usimwambie "tusimulie maisha yako". Atakwambia alizaliwa, akaolewa, akazaa, Mungu ni mwema, na dakika nne zimeisha. Mpe kazi ya mikono. Mwombe akuonyeshe anavyochuja munyu, ile chumvi ya majivu ya kupikia mboga: majivu ya maganda makavu ya maharagwe yanaingia kwenye chungu chenye matundu chini, maji yanamiminwa taratibu juu yake, na yale matone ya rangi ya chai yanadondoka kwenye sufuria moja moja. Mikono ikishughulika mdomo unafunguka wenyewe. Atakwambia nani alimfundisha, nani alitia munyu mwingi mrenda ukawa mchungu na mkwe akakataa kula. Akisema "kidogo tu", mwambie amimine kwenye kijiko uone ni vijiko vingapi. Na yale matone yasikike kwenye rekodi. Fundi asiyaite kelele.

Miaka ya matukio utaipata kwa kuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa jambo fulani, usimuulize "mwaka gani". Tarehe ya kitambulisho isikufunge. Wanawake walianza kuandikishwa kwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970 na bibi wengi walikadiriwa tu umri. Tohara ya Babukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo akisema aliolewa mwaka ambao kaka yake alitahiriwa, umeshaondoa nusu ya miaka. Muulize kama anakumbuka polisi walipowapiga risasi huko Malakisi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyopinga wakoloni, hiyo ni Februari 1948. Alikuwa na watoto wangapi siku bendera ilipopandishwa, 12 Desemba 1963? Nani alikuwa mgongoni Kenyatta alipofariki, Agosti 1978? Mahindi ya manjano ya wakati wa njaa ya 1984 aliyapikaje? Hata jina lake linasema kitu: Nekesa ni aliyezaliwa wakati wa mavuno, Nafula wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi, Naliaka wa palizi, Nanjala wa njaa. Ukienda kutafuta rejista ya ubatizo, angalia kwanza alikulia kanisa gani. Katoliki wanaweka tarehe na wazazi. Kweka wa kanisa la Friends hawabatizi kwa maji, utazunguka bure, uliza orodha ya wanachama.

Mwambie mapema kwamba unarekodi na ni nani atasikiliza. Akisema "hili lisitoke", simamisha. Na sehemu yoyote inayotaja mpaka wa shamba au nani alipewa ng'ombe gani isiende kwenye kikundi, hata kama inachekesha.

Ukianza kuandika, saa moja ya sauti itakula saa nne hadi sita za kuandika neno kwa neno, kwa hiyo usijipe wiki moja. Andika Lubukusu kwanza, kisha Kiswahili chini yake.

Kwa leo jioni fanya hili tu na hizo rekodi mbili ulizo nazo: waya, laptopu, Drive, kisha usikilize dakika ya mwisho ya kila moja ukiwa umeitoa simu kwenye meza. Halafu uniandikie hapa kukhu anamalizia kwa neno gani.